Kocha mpya si mganga: Haya ndiyo yatakayoinua timu ya chuo chako

Chuo kikitangaza kocha mpya, unajua kinachofuata. Kundi la WhatsApp la wanafunzi halilali. Huyu anasema kombe sasa linakuja nyumbani, yule anauliza kama tutacheza 4-3-3 au 3-5-2, na kabla ya jioni kuna msee ameshapanga kikosi kizima, yeye mwenyewe akiwa namba kumi. Wiki tatu baadaye timu ikipoteza mechi mbili, watu ni wale wale na kundi ni lile lile, ila wimbo umebaki mmojatu: kocha aende.

Kama unasoma Chuo Kikuu cha Embu, KMTC, chuo cha walimu cha Kigari au taasisi nyingine yoyote hapa Manyatta, nataka tuongee kuhusu wiki hizo tatu. Maoni yangu ni haya: timu ya chuo haiinuliwi na jina la kocha wala na mfumo anaouandika ubaoni. Inainuliwa na mambo madogo ambayo benchi zima linayafanya kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, siku ambazo hakuna anayepiga picha. Na baadhi ya mambo hayo yanakuhusu wewe, hata kama hujawahi kuvaa daluga.

Hebu tuanze na mfano tunaoujua sote. Machi 2025 Harambee Stars ilipata kocha mpya, Benni McCarthy wa Afrika Kusini, aliyewahi kufunza washambuliaji wa Manchester United. Mechi yake ya kwanza ilikuwa sare ya 3-3 dhidi ya Gambia. Ya pili tulilazwa 2-1 na Gabon hapa nyumbani. Mabao matano ndani ya siku nne. Wangapi walisema huyu naye ni wale wale tu?

Miezi mitano baadaye, CHAN ilipochezwa Kenya, Tanzania na Uganda, vijana wetu wa ligi ya nyumbani walichapa DR Congo 1-0, wakatoka sare ya 1-1 na Angola, wakalaza Moroko 1-0 na Zambia 1-0. Mechi nne za makundi, bao moja tu kufungwa. Tukabanduliwa na Madagaska kwenye robo-fainali kwa matuta, na ilikuwa mara yetu ya kwanza kabisa kucheza mashindano hayo. Kweli, wachezaji wa Machi na wa Agosti hawakuwa wale wale wote. Na kweli pia kwamba haikuwa miujiza, maana Septemba Gambia walirudi Kasarani wakatutandika 3-1. Lakini aliyempima kocha kwa mechi mbili za kwanza angekosa Agosti yote ile.

Benchi ni watu, si mtu

Kuna jambo ambalo wengi hawakuliona siku McCarthy alipotambulishwa. Hakuja peke yake. Alikuja na msaidizi wake, kocha wa makipa na mtu wa kuchanganua mechi. Kila mmoja ana kazi yake. Kipa ana mtu wake wa kumnoa, na kuna mtu ambaye kazi yake ni kukaa na video na kuuliza: mbona tunafungwa kutoka upande huu?

Sasa linganisha na vyuo vyetu. Mara nyingi kocha wa chuo ndiye kocha wa mazoezi ya viungo, ndiye kocha wa makipa, ndiye daktari, ndiye anayetafuta basi, na ndiye anayebeba maji. Kipa anaambiwa "nenda pale upigwe mashuti", basi, hayo ndiyo mazoezi yake ya mwaka mzima. Mchezaji akiumia goti, anapakwa barafu, anaambiwa pole, anarudi uwanjani Alhamisi.

Utaniambia chuo hakina doo ya kuajiri watu wanne. Sawa, huenda hakina. Lakini chuo kina kitu ambacho hata klabu nyingi za mtaani hazina: wanafunzi. Manyatta ina vijana wanaosomea uuguzi na afya, wanaosomea takwimu, kompyuta na ualimu. Mwanafunzi wa afya, akisimamiwa na mwalimu wake, anaweza kuweka daftari la majeraha: nani aliumia, lini, wapi, na amekaa nje siku ngapi. Mwanafunzi wa takwimu anaweza kurekodi mechi kwa simu iliyofungwa kwenye nguzo, kisha akahesabu mipira tuliyopoteza katika nusu yetu ya uwanja. Mwalimu mtarajiwa anaweza kuanza na leseni ya CAF D, ambayo ndiyo ngazi ya kwanza kabisa ya ukocha, na akawa msaidizi. Kipa wa zamani aliyemaliza chuo na bado anaishi Embu mjini anaweza kuja mara moja kwa wiki.

Kwa hivyo jambo la kwanza ambalo kocha mpya anafaa kufanya si kutafuta wachezaji. Ni kutafuta benchi. Kocha anayetaka kushika kila kitu mwenyewe atachoka kabla ya muhula kuisha, na timu itachoka naye.

Wiki mbili za kutazama

La pili ni kufungua mlango. Kila mmoja aanze na sufuri. Katika timu nyingi za vyuo kuna wachezaji wenye namba zao za kudumu, na kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanakuja majaribio wakijua kabisa nafasi zimejaa. Unapewa dakika kumi na tano, unagusa mpira mara nne, unaambiwa tutakupigia. Hakuna anayepiga.

Majaribio ya namna hiyo hayapimi kipaji. Yanapima bahati. Kama vijana sitini wamejitokeza, ukiwaweka kwenye mechi moja ya watu ishirini na wawili kwa zamu, wengi hutawaona. Wagawe katika timu ndogo za watano au sita kwenye viwanja vidogo, wacheze mechi fupi fupi kwa siku kadhaa, na kila siku uwachanganye upya. Kwenye uwanja mdogo mpira unakufikia kila wakati, huwezi kujificha. Siku ya tatu utajua nani anaona pasi, nani anakimbia akipoteza mpira, na nani anafoka mwenzake akikosea.

Na kocha akae na kila mmoja kwa dakika kumi. Unasoma nini? Darasa lako linaisha saa ngapi? Uliwahi kuumia wapi? Unalala wapi, hosteli au nje? Huo si umbea. Mchezaji anayepanga nyumba mbali na chuo na kutembea kila siku kwenda na kurudi ameshafanya mazoezi kabla ya mazoezi. Anayefanya kazi ya boda wikendi ili alipe karo hawezi kupangiwa ratiba sawa na asiye na shida hiyo. Kocha asiyejua haya atawaita wavivu watu waliochoka.

Hesabu ya saa arobaini na tano

Hapa ndipo mpira wa chuo unatofautiana na ule unaoutazama kwenye runinga. Fanya hesabu nami. Masomo yanaisha saa kumi na moja jioni, na huku kwetu karibu na ikweta giza linaingia muda mfupi baada ya saa kumi na mbili u nusu, kila mwezi wa mwaka. Hiyo ni saa moja na nusu. Tuseme tizi ni mara tatu kwa wiki, kwa wiki kumi kabla mitihani haijaanza kubisha hodi. Mara tatu kwa saa moja na nusu kwa wiki kumi ni saa 45. Hizo ndizo zote. Na hapo bado hujaondoa siku za mvua, na Embu tunajua mvua: Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba, uwanja unageuka shamba la mpunga.

Kwa saa 45 huwezi kufundisha soka ya Pep Guardiola. Kocha anayejaribu atawaacha vijana wamejua nusu ya kila kitu. Lazima uchague.

Ningekuwa benchini ningechagua vitu vitatu. Kwanza, jinsi ya kujipanga bila mpira. Kenya ilicheza kipindi chote cha pili dhidi ya Moroko ikiwa na watu kumi, baada ya Chrispine Erambo kulishwa kadi nyekundu, na bao la Ryan Ogam likalindwa hadi mwisho. Moroko ndio waliokuja kutwaa kombe lenyewe. Hiyo haikuwa bahati wala maombi pekee. Ilikuwa watu kumi wanaojua kila mmoja asimame wapi mpira ukiwa kushoto, na ahame vipi ukienda kulia. Hilo linafundishika, hata kwenye uwanja mbovu, hata kwa vijana wasio na chenga nyingi.

Pili, mipira iliyokufa: kona, frikiki na mirusho. Mashabiki wa Arsenal mko wengi, kwa hivyo mnamjua Nicolas Jover, aliyejiunga na benchi lao mwaka 2021 kushughulikia mipira hiyo tu. Tangu wakati huo kona ya Arsenal imekuwa noma kwa wapinzani. Huhitaji bajeti ya London kuiga hilo. Unahitaji mtu mmoja anayepiga kona vizuri, watu wawili wanaoruka, mpango wa aina mbili au tatu, na nidhamu ya kuurudia kila Alhamisi kwa dakika ishirini. Katika mechi ya vyuo, ambapo uwanja una mashimo na pasi nzuri zinadunda vibaya, kona moja inaweza kuamua kila kitu.

Tatu, sekunde chache baada ya kupoteza mpira. Timu nyingi zetu hulaumiana hapo. Mtu anarusha mikono, mwingine anamtazama refa, na wakati huo fowadi wao anakimbia peke yake kuelekea kwa kipa. Kocha anayewazoesha vijana kukimbia kwanza na kulalamika baadaye ameshaokoa mabao.

Mambo mengine yote, ile mifumo tunayobishania usiku kucha, yanaweza kusubiri muhula wa pili.

Miili yenu si ya kuchoma

Dakika ishirini za mwanzo wa kila zoezi ziwe za kuzuia majeraha. FIFA ina mpango wake wa kupasha misuli unaoitwa 11+, wenye mazoezi 15 ya kukimbia, kuimarisha nguvu na kujisawazisha. Hauhitaji mashine wala jimu. Watafiti wa Norwei waliupima kwa wasichana wa kati ya miaka 13 na 17, matokeo yakachapishwa mwaka 2008: majeraha yalipungua kwa karibu theluthi moja, na yale mabaya zaidi yakapungua kwa karibu nusu. Kwa tizi thelathini za muhula, hizo ni saa kumi kati ya zile 45. Utaona ni nyingi, mpaka ukumbuke kwamba timu ya chuo haina benchi refu la akiba. Beki wako wa kati akivunjika Machi, hakuna dirisha la uhamisho.

Kisha kuna chakula. Usidanganyike kwamba lishe ya mchezaji ni ya dukani na kwenye mikebe. Githeri iliyopikwa vizuri, yenye mahindi na maharagwe, ina nguvu ya kukimbia na protini ya kujenga misuli. Nduma, viazi vitamu, ndizi, mayai na sukuma vinapatikana soko la Embu. Tatizo kwa wengi huwa ni saa. Mchezaji anashinda na chai na mandazi, anaingia tizi saa kumi na moja tumbo likiwa tupu, halafu anakula sana usiku. Benchi likiongea na jikoni ili wachezaji wapate chakula kamili mchana na ndizi moja kabla ya mazoezi, limefanya zaidi ya hotuba kumi za kuwapa moyo.

Na tuseme hili bila kuzunguka, kwa sababu tuko Embu: muguka. Najua inalipa karo za watu wengi kule Mbeere, na sina ugomvi na mkulima. Lakini unayetafuna usiku kucha unapoteza vitu viwili ambavyo mchezaji hana budi kuwa navyo, hamu ya chakula na usingizi. Kocha mpya akianza kwa kufokea watu na kuwafukuza, wataficha. Akikaa nao chini akawaonyesha kwa saa ya kukimbia jinsi mtu aliyelala saa nane anavyompita aliyekesha, wataelewa wenyewe. Sisi vijana huwa tunabisha maneno, lakini saa ikituonyesha tumeachwa, tunanyamaza.

Tamaa ya kukodisha wachezaji

Sasa tufike kwenye lile linalouma. Kocha mpya anataka kushinda haraka, na njia ya mkato anaijua: kutafuta mafundi wa mtaani, kuwatafutia namna ya kuonekana kama wanafunzi, na kuwavalisha jezi ya chuo. Uvumi kama huo utausikia kila msimu, kila mahali, na kila mtu hudai wapinzani ndio walioanza.

Wanaoitetea njia hii wana hoja, tusiwadharau. Wanasema: kila mtu anafanya, ukikataa utapigwa saba kwa sufuri na kocha atafutwa. Wanasema hata vyuo vya Marekani, ambako michezo ya vyuo ni biashara kubwa, kocha mpya huja na watu wake. Ni kweli. Curt Cignetti alipochukua timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Indiana, iliyoshinda mechi tatu na kupoteza tisa mwaka 2023, alikuja na wasaidizi wake kutoka chuo cha James Madison, na wachezaji zaidi ya kumi wakamfuata. Mwaka 2024 Indiana ilishinda mechi 11 na kupoteza mbili tu.

Lakini soma mfano huo hadi mwisho. Wale wachezaji walihamia kwa sheria iliyo wazi, wakajiandikisha kama wanafunzi. Na hawakuwa wao peke yao: kulikuwa na wasaidizi waliofanya kazi pamoja kwa miaka, waliojua kila mmoja anafanya nini. Ukinakili wachezaji bila kunakili benchi na sheria, umenakili sehemu ya mwizi.

Fikiria kijana wa mwaka wa kwanza aliyetoka shule ya upili huku Manyatta, aliyecheza michezo ya shule hadi ngazi ya kaunti, na ambaye amekuja chuo akijua ana miaka minne tu. Miaka minne, halafu basi. Kila jezi anayopewa mtu asiye mwanafunzi ni jezi aliyovuliwa yeye. Kombe likipatikana, yule wa kukodishwa anaenda kutafuta chuo kingine. Huyu wetu anabaki hosteli na picha ya timu ambayo hayumo. Kwangu mimi afadhali timu ishindwe ikiwa na wanafunzi wake, kuliko ishinde ikiwa imekodisha wageni. Na nikiambiwa tutapoteza mechi kadhaa kwa sababu hiyo, nasema sawa, tupoteze. Mwaka wa tatu wale vijana waliopoteza pamoja ndio watakaokuwa timu.

Vitabu na ratiba

Kuna makocha wanaoona darasa kama adui. Wanapanga tizi wakati wa maabara, halafu wanamwita kijana msaliti akikosa. Mwisho wake tunaujua. Mchezaji anafeli, anarudia somo, au karatasi ya mtihani inaangukia siku ya mechi, na timu inampoteza wakati inamhitaji zaidi.

Benchi jipya lichukue ratiba za masomo za wachezaji wote katika wiki ya kwanza, liziweke kwenye karatasi moja, litafute saa ambazo wengi wako huru. Likutane na wakuu wa idara mapema, si usiku wa kuamkia safari. Na nahodha achaguliwe pia kwa kuangalia kama ni mtu anayeheshimika darasani, kwa sababu barua ya kuomba ruhusa inayotoka kwa timu yenye sifa nzuri husomwa kwa jicho tofauti.

Na wasichana je?

Usifikiri nimewasahau. Katika vyuo vingi, kocha mpya akitangazwa, huwa ni wa wanaume. Wasichana wanapewa uwanja jua likishazama na mipira iliyochoka. Ilhali timu ya kwanza kabisa ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA, wanaume kwa wanawake, wakubwa kwa wadogo, ilikuwa Junior Starlets ya wasichana wasiozidi miaka 17, chini ya kocha Mildred Cheche, kule Jamhuri ya Dominika mwaka 2024. Walipoteza kwa Uingereza na Korea Kaskazini, kisha wakalaza Meksiko 2-1.

Benchi moja linaweza kuhudumia timu zote mbili. Kocha wa makipa ni yule yule, daftari la majeraha ni lile lile, 11+ ni ile ile. Kinachotakiwa ni kugawana uwanja kwa zamu ya haki: Jumanne wasichana wanaanza, Alhamisi wavulana. Hilo halihitaji hata shilingi moja. Linahitaji mtu wa kuamua.

Tumpime vipi?

Nimesema tuwe na subira, na kuna watakaofurahia neno hilo kupita kiasi. Subira isiwe blanketi la kujifunika. Tumeona upande wa pili wa shilingi pia: Sébastien Migné aliondoka Harambee Stars Agosti 2019, Francis Kimanzi akashika hadi Oktoba 2020, Ghost Mulee akaingia hadi Septemba 2021, kisha Engin Firat. Makocha wanne kwa zaidi kidogo ya miaka miwili, na tikiti ya AFCON iliyofuata hatukuipata. Kubadilisha kila msimu si uwajibikaji. Lakini kumwacha mtu alale kazini pia si subira.

Kwa hivyo mwisho wa muhula wa kwanza, kabla hujaandika "kocha aende", uliza maswali haya. Je, wachezaji wangapi waliojeruhiwa muhula uliopita wamerudi, na wapya wangapi wameumia? Tumefungwa mabao mangapi ya kona na frikiki? Ni wanafunzi wangapi wa mwaka wa kwanza na wa pili wamecheza? Kuna mchezaji aliyekosa mtihani kwa ajili ya timu? Dakika ishirini za mwisho tunakimbia au tunatembea? Timu ya wasichana imefanya tizi mara ngapi?

Majibu yakiwa yanaelekea pazuri na bado mnapoteza, mpeni mwaka. Majibu yakiwa mabaya na mnashinda, jiandaeni, maana ushindi huo una mwisho wa karibu. Na kama hakuna anayejua majibu, basi hilo ndilo jibu lenyewe: hakuna benchi, kuna mtu na filimbi yake.

Usimamizi wa chuo nao una deni. Uwanja wa Moi mjini Embu ulitengenezwa ukapokea sherehe za Madaraka Juni 1, 2023, na kila mtu alifurahi. Lakini kipaji cha mwanafunzi hakikuzwi siku ya sherehe. Kinakuzwa Jumanne jioni kwenye uwanja wa chuo, kwa hivyo nyasi zikatwe, mashimo yafukiwe, na pesa za michezo ambazo wanafunzi wanalipa zionekane pale. Viongozi wa wanafunzi mliowapigia kura waulizeni swali hilo hadharani.

Nawe usiyecheza, kuna kazi. Una simu yenye kamera nzuri? Rekodi mechi yote ya Jumamosi, si mabao tu, kisha uipeleke kwa kocha. Unasomea uuguzi? Muulize mwalimu wako kama mnaweza kushika lile daftari. Ulikuwa kipa shuleni? Nenda Jumanne saa kumi na moja, ujitambulishe. Kocha mpya huenda bado hajui jina lako, lakini akiwa na akili timamu atakupa kazi siku hiyo hiyo.